Kibaiskeli cha kukanyagia ukiwa umekaa, kwa sisi wenye kidonda cha mguu kisichofunga

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Kibaiskeli cha kukanyagia ukiwa umekaa nakipa nyota tatu kati ya tano, mpira wa kuvuta nne, mashine ya kutetemesha miguu sifuri na hiyo sifuri yenyewe naitoa kwa huruma, yule dada wa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja nyumbani, tano na ingekuwepo ya sita ningempa. Sasa mwenye muda akae tuongee, maana hivi vitu vinauzwa hovyo siku hizi, na wenye vidonda vya miguu tupo wengi kuliko watu wanavyodhani ni vile tu tunajificha kwenye suruali ndefu na madera.

Mimi ni kinyozi, niko Temeke, kazi ya kusimama kutwa. Miaka ya nyuma niligongwa na bodaboda mguu wa kushoto ukavunjika, nikakaa na hogo muda mrefu, mfupa ukaunga vizuri tu lakini toka hapo mguu ukawa unavimba kila jioni, nikivua soksi inaacha mfereji, alafu ngozi ya juu ya kifundo upande wa ndani ikaanza kuwa nyeusi kupita mguu mwingine, ngumu, inang'aa, inawasha balaa. Siku nikajikuna pakachubuka kidogo tu, kitu cha kupaka mafuta ukasahau, pakawa ndio pale pale. Kikakataa kufunga. Majimaji yanatoka mpaka kiatu kinalowa na harufu juu, na kwenye kibanda cha kunyolea mteja anakaa pua yake haiko mbali sana na goti lako, mjue hiyo aibu.

Na kibandani kwangu kila mteja ni daktari. Huyu anasema umetupiwa, huyu umekanyaga kitu cha watu njia panda, huyu hiki ni kidonda ndugu fundi hakiponi hiki, tafuta asali mbichi ya Tabora, tafuta unga wa mti fulani, kuna mmoja alinishauri majivu ya betri sijui alitaka kuniua. Hospitali walipima sukari hamna, wakanipima presha ya mkono na presha ya kifundo cha mguu kwa dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu inavyopita kwenye mishipa, wakalinganisha, damu ya kushuka inafika vizuri, tatizo ni ya kupanda. Yaani kwenye vena, mishipa inayorudisha damu juu, kuna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini, vyangu vimeharibika, inawezekana damu iliganda kipindi kile cha hogo bila mtu kujua. Damu inabaki inajaa chini, inaikandamiza ngozi kwa ndani, ngozi inachoka, ikichubuka haiponi. Kwahiyo matibabu yenyewe makubwa sio ya kupaka, ni kuubana mguu kwa bandeji maalum na kuufanyisha kazi.

Nikaambiwa "mzee fanya mazoezi" nikafunguliwa mlango. Mazoezi gani sikuambiwa. Ukweli kwa mtu anayesimama toka asubuhi mpaka saa tatu usiku hilo neno linachekesha, lakini binti yangu anasoma unesi ndio alinielewesha kwamba kusimama na kutembea ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mguu. Mtu mzima akisimama tuli, presha ndani ya vena za mguu huko chini inafika karibu milimita 90 za zebaki, akianza kutembea, kama vilango vyake vizima, inashuka mpaka chini ya 30 hivi. Kinachoishusha ni shavu la mguu. Kila likikaza linaminya vena za ndani na kusukuma damu juu, likiachia zinajaa tena, likikaza linasukuma, mchezo ndio huo. Kinyozi anayesimama sehemu moja hiyo pampu ameizima. Na sisi ambao vilango vimeharibika presha haishuki vizuri hata tukitembea, ndio maana unahitaji pampu yenye nguvu kuliko ya mtu mwingine na bandeji ya kuisaidia kwa nje.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta kitu cha kufanyia mazoezi nyumbani maana kutembea mtaani na mguu unaovuja sikuwa tayari. Kibaiskeli chenyewe mnakijua, pedeli mbili, fremu fupi ya chuma, unakiweka sakafuni unakaa kwenye kiti unakanyaga. Muuzaji alianza na laki na nusu, tukavutana nikakichukua elfu tisini. Kwenye boksi kuna picha ya bibi wa kizungu anacheka na maandishi kibao, binti akanisomea: kinaondoa mishipa iliyojitokeza, kinapunguza kitambi, kinarudisha mzunguko wa damu. Kitambi kipo hapa hapa na mishipa ipo hapa hapa, niwaambie mapema.

Uzuri wake kwanza. Unakanyaga ukiwa kwako, unaangalia mechi ya Simba, mguu hauchafuki, mvua za Aprili zikigeuza mtaa wetu kuwa bwawa wewe haikuhusu. Kwa mtu ambaye goti limekakamaa au mwenye mwili mkubwa asiyeweza kutembea mbali ni pa kuanzia pazuri tu, pumzi inafunguka, na mguu uliozoea kutofanya chochote unakumbuka kazi yake. Mama mkwe wangu ana magoti akikaa hapo nusu saa anakanyaga na tasbihi mkononi, na kwake naona kinafanya kazi nzuri kuliko kwangu.

Ubaya sasa. Kwenye vigae kinakimbia, unakanyaga kinasogea mbele, unakifuata na kiti, mkifika ukutani mnarudi. Ikabidi nikiweke juu ya kipande cha zulia la mpira alafu nikiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki usithubutu, kinarudi nyuma, tumia kiti kizito cha mbao chenye mgongo. Kile kijiskrini cha kuhesabu kilizima mapema sana, sijali, nilikuwa sikiamini hata kikiwa hai. Kile kinobu cha kukazia ili pedeli iwe nzito, ukikaza sana kinapata moto, kweli moto, mtoto asishike.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni hili ambalo muuzaji hawezi kukwambia na kwenye boksi halipo: ukikanyaga kawaida kama watu wote, wayo wote ukiwa umelala kwenye pedeli, kifundo cha mguu hakifanyi chochote. Kazi inafanywa na paja na goti. Unaweza ukakanyaga mpaka mechi iishe na shavu la mguu likawa limelala tu. Na alafu vile vimikanda vya kufungia mguu kwenye pedeli vinapita juu ya wayo na kwa wengine vinapanda karibu na kifundo, ukikaza vinasugua bandeji inakunjamana, na kwa ngozi zetu hizi mkunjo mmoja wa bandeji unatosha kufungua kidonda kingine pembeni ya hiki. Mimi mikanda nimeitoa yote nimeitupa.

Aliyeniambia haya ni dada wa fizio, na hapa ndio nataka kukaa zaidi maana kama una hela ya kitu kimoja tu nenda kwa mtu wa namna hii kabla hujaenda Kariakoo. Sitaji jina wala namba, anafanya kazi hospitali na huku nje anafuata watu nyumbani kwa muda wake, elfu thelathini kwa kuja mara moja pamoja na nauli ya bodaboda. Nikasema moyoni huyu binti wa juzi atanifundisha nini. Akaingia, shikamoo baba, marahaba, akaomba karatasi ya dopla kabla hata ya kukaa. Angeikosa asingeanza, aliniambia wazi. Akauliza kama usiku mguu unauma mpaka naushusha chini ya kitanda ndio napata nafuu, nikamwambia hapana mimi nafuu yangu ni kuinua juu, akasema vizuri, maana yule anayepata nafuu akishusha huenda damu ya kushuka ndio haifiki na huyo hafungwi bandeji ya kubana wala hapewi programu hii bila daktari kumwangalia. Akashika mapigo juu ya wayo. Akapima kwa futi ya fundi cherehani unene wa kifundo na wa shavu, miguu yote miwili, akapiga picha kidonda kwa simu yangu mwenyewe, rula pembeni, akasema kila wiki piga hivi hivi, mwanga ule ule, rula ile ile, kwa sababu macho yako yatakudanganya siku ukiwa na huzuni.

Hiyo ya picha peke yake ina thamani ya nusu ya hela yake.

Alafu akaniambia haya panda kwenye kibaiskeli nikuone. Nikakanyaga. Akaweka mkono kwenye shavu la mguu wangu akacheka, "baba hapa pamelala." Akarudisha mguu nyuma, ile sehemu pana ya chini ya vidole ndio ikae kwenye pedeli, kisigino kiwe nje hewani, na kila pedeli ikishuka usukume kwa vidole kama unataka kuchungulia juu ya ukuta. Hapo hapo shavu likawa gumu, na baada ya dakika chache lilikuwa linawaka. Kwahiyo zile nyota tatu za kibaiskeli ni kwa anayekanyaga hivi. Anayekanyaga wayo mzima kwangu ni nyota moja na nusu.

Na bado akaniambia hiki ni cha kujifurahisha, kazi yenyewe ni ya bure. Kaa kwenye kiti, nyayo chini, inua visigino vyote juu taratibu, shikilia kidogo, shusha taratibu. Kumi. Asubuhi, mchana, jioni. Zikiwa nyepesi unaongeza mpaka ishirini na tano. Ukifika hapo unasimama, unashika kiegemeo, unainua visigino vyote viwili, unaanza upya na kumi unapanda. Ukimaliza hatua hiyo ndio unainua kwa mguu mmoja mmoja, na hapa wanaume wenye kujisifu wanaishia kumi jasho linatoka. Pamoja na kutembea nusu saa angalau mara tatu kwa wiki, kutembea kwa kukanyaga kisigino kwanza na kumalizia kwa vidole, sio kuburuza. Maana sisi wenye kidonda tunajifunza kuchechemea bila kujua, kifundo kinakakamaa, na kifundo kikikakamaa shavu halina pa kusukumia, ndio maana alikuwa pia ananivutia wayo juu na chini na kunizungushia kifundo mpaka nikatoa machozi.

Yote hayo bandeji ikiwa mguuni. Hilo alilirudia mpaka likanikera: mazoezi ni juu ya bandeji au soksi ya kubana, sio mguu mtupu. Shavu likivimba kwa kukaza linakutana na bandeji isiyokubali kutanuka, ndio damu inabanwa kwelikweli kwenda juu. Ukimaliza unalala unainua mguu juu ya usawa wa moyo, mito miwili mitatu, sio kuweka kwenye stuli ukaita umeinua.

Kingine, anapiga simu. Katikati ya wiki simu inaita, baba umefika ngapi, hapo nipo na mteja nusu kichwa, namwambia kumi na tano, anasema sawa kesho kumi na nane. Jamani mimi ni mtu mzima lakini bila zile simu ningeacha, maana kuinua visigino ni kazi ya kuchosha akili kuliko mwili, hamna kitu kinachoonekana, kidonda kesho asubuhi kipo vile vile kinakuangalia.

Binti yangu hakuamini maneno matupu akaenda kutafuta, wanafunzi wa siku hizi wabishi. Akakuta uchambuzi wa 2018 wa Andrew Jull na wenzake wa New Zealand kwenye jarida la madaktari wa ngozi la Marekani, walikusanya tafiti tano ndogo, watu 190 kwa ujumla, wote wanabanwa miguu, wengine wakaongezewa mazoezi. Kwenye wiki ya 12, katika kila wagonjwa 100 wenye mazoezi walipona 14 zaidi ya wale wa kubana peke yake, na waliofanya yale ya kuinua visigino kwa kuongeza ugumu pamoja na kutembea walikuwa 27 zaidi. Wenyewe wakaonya kwamba watu ni wachache na hesabu inaweza kucheza. Sawa, lakini kitu cha bure kinachoweza kukuongezea nafasi namna hiyo mimi nakichukua kesho asubuhi.

Kibandani nimekiingiza kwenye kazi. Nikimnyoa mtu wa mashine nipo juu ya vidole napanda nashuka, nimeshika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja. Wateja mwanzoni walilalamika, fundi unacheza singeli au unaninyoa, sasa wamezoea na kuna mmoja ananihesabia. Ila kuchonga ndevu na wembe natulia, visigino chini, hapo pampu isubiri tu kwa usalama wa watu.

Mpira wa kuvuta, ule mkanda mrefu wa rangi, elfu kumi na mbili dukani vinakouzwa vifaa vya michezo. Unakaa mguu umenyooka, unaupitisha chini ya ile sehemu pana ya wayo, unashika ncha mbili mkononi, unasukuma kama unakanyaga mafuta ya gari, unarudisha polepole. Mzuri sana kwa siku ambazo kusimama kumekushinda. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ukiteleza unarudi kwa kishindo na mguu wenye kidonda uko hapo hapo mbele, kwahiyo vaa kiatu, usiuzungushe kwenye kifundo, na joto letu hili la Dar linauua, ukianza kuona vinyufa vidogo tupa. Mimi naupaka poda ya mtoto usinate.

Mashine ya kutetemesha, hii nitapita haraka. Ile unaweka miguu juu inatikisika kama ipo kwenye daladala bovu, inauzwa mitandaoni mpaka laki mbili na nusu, na wanaoitangaza wanaonyesha picha za mguu wenye kidonda na mguu uliopona, miguu ambayo hata sio ya mtu mmoja. Jirani anayo nikaijaribu. Unawashwawashwa, unasikia raha, ukishuka shavu la mguu halijafanya kazi yoyote, limetikiswa tu. Sikuona sababu ya kutoa hela. Na mwenye mguu uliovimba ghafla upande mmoja na shavu linauma asiende kwenye mashine wala kuinua visigino, aende hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Sasa wengi mtauliza hela iende wapi hasa, na jibu langu ni kwenye kitu cha kubana. Ukinunua vibaiskeli vitatu bila kubana mguu unajichosha. Ile bandeji ya krepu ya duka la dawa, rangi ya maziwa, haifai kwa kazi hii, asubuhi imekaza mchana imelegea jioni ipo kwenye kiatu. Kidonda cha vena kinataka mkandamizo wa kama milimita 40 za zebaki kwenye kifundo ukipungua kadri unavyopanda kwenye goti, na hiyo inafungwa na nesi aliyefundishwa, kwa tabaka, kuanzia mizizi ya vidole, kisigino ndani, mpaka chini ya goti. Ndio maana kile kipimo cha dopla ni lazima kitangulie. Presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.8 mambo yanabadilika, na ikiwa chini ya 0.5 hamna kubana kabisa, unaweza kupoteza mguu kwa kujifungia mwenyewe. Wenye sukari ndio msijaribu peke yenu kabisa, kipimo chenyewe kinaweza kuwadanganya kwa sababu mishipa imekuwa migumu.

Mimi kutoka bandeji nimehamia soksi za kubana za tabaka mbili, ya ndani laini ya nje ngumu. Uingereza walishalinganisha hizo na bandeji ya tabaka nne, matokeo yakatoka 2014, muda wa kupona ulikuwa karibu sawa, siku 99 kwa soksi na 98 kwa bandeji kwa mgonjwa wa katikati. Tofauti ni maisha. Na soksi kiatu kinaingia, kifundo kinakunjika, visigino vinapanda. Ubaya kuzivaa ni vita, asubuhi nikimaliza kuvaa nimeshafanya mazoezi ya siku, na mwenye kidonda kikubwa kinachovuja sana zitamsumbua, huyo abaki na bandeji kwanza. Bima haikugusa hata senti, nililipa mwenyewe.

Joto. Februari na hizo soksi mguuni, sitawadanganya, ni adhabu. Dawa yangu ni feni chini ya meza ya vioo ielekee miguuni, sendo za mikanda ya kunata zinazofunguka mbele badala ya kiatu cha kufungwa, na pea mbili ili moja ikilowa jasho nibadilishe. Zinafuliwa kwa mkono kwa sabuni ya kipande, jiki hapana, kukamua kwa kuzungusha hapana, zinaanikwa kivulini. Jua la saa saba linaua mpira wake na baada ya hapo umevaa soksi ya shule.

Na ile asali. Wateja hawajaacha. Binti akanitafutia hiyo pia, na ajabu ni huyo huyo Jull, 2008, watu 368 wenye vidonda hivi hivi vya vena, wote wamefungwa bandeji za kubana, nusu wakawekewa asali ya manuka ya huko New Zealand na nusu dawa za kawaida za kufunika kidonda. Baada ya wiki 12 wa asali waliopona ni kama 56 kwa mia, wa kawaida kama 50 kwa mia, tofauti ndogo ambayo inaweza kutokea kwa bahati tu, na wa asali walilalamika maumivu zaidi. Nimekata hiyo karatasi nimeibandika kwenye kioo kibandani. Wanaisoma wakinyolewa alafu wakishuka kwenye kiti wananiambia ndio maana ile ilikuwa ya huko kwao, jaribu ya Tabora.

Kidonda changu kimefikia wapi? Kimepungua, picha na rula zinaonyesha, kilikuwa kinaingia kizibo cha soda ikabaki nafasi, sasa ni ukubwa wa punje ya hindi na kingo zake ni za rangi ya waridi zinasogea kuingia ndani. Nisiseme ni mazoezi tu, nimebanwa na nimeinua mguu na nimesafishwa kwa maji safi na nesi pia, vyote pamoja. Nilichoona kwa hakika ni kwamba jioni mguu haujai kama zamani na kifundo kimerudi kukunjika.

Kwa mnaoenda kununua soksi wiki hii, kwa sababu najua mtaniuliza: vipimo ni vya unene wa kifundo pale pembamba kabisa, unene wa shavu pale panene kabisa, na urefu kutoka sakafuni mpaka chini ya goti. Pimeni asubuhi kabla ya kushuka kitandani mguu ukiwa haujavimba, ukipimwa jioni utauziwa soksi kubwa itakayoshuka. Muuzaji akikwambia hii inaenea watu wote ondoka. Na zinachoka, kila baada ya miezi mitatu mpaka sita zinahitaji kubadilishwa hata kama zinaonekana nzima, hilo liweke kwenye bajeti kabisa kwa sababu hata kidonda kikifunga soksi hazivuliwi, hivi vidonda vina tabia ya kurudi pale pale.